Nilifungua blogu niseme ya moyoni, sasa hata daftari linanishinda

Swali: Dada habari. Nina blogu, huu mwaka wa nne. Nilipoanza walikuwa wananisoma watu kama kumi hivi, simjui hata mmoja, nikawa naandika chochote kilichonikaa rohoni. Sasa hivi bosi wangu anasoma, mawifi zangu wanasoma, mama anasoma na anawaonyesha wenzake. Miezi michache iliyopita baba yangu ameanza kupoteza kumbukumbu na nimeshindwa kuandika hata mstari. Nikanunua daftari nikasema labda huko nitapumua, ila najikuta napanga sentensi kana kwamba kuna mtu ananisoma, nakata, naandika upya, mwisho nafunga. Rafiki yangu mmoja anasema nifungue blogu nyingine kwa jina la kubuni. Mwingine anasema bloga wa kweli hafichi kitu. Nifunge blogu? Nifanyeje?

Jibu: Mdogo wangu, pole sana kwa mzee. Nianze na jibu lenyewe halafu ndo nieleze: blogu usifunge, habari za baba usiposti kwa sasa, na hiyo ya jina la kubuni achana nayo. Ila kilichonishika kwenye swali lako sio blogu, ni lile daftari. Wengi wakikusoma watakimbilia kubishana uposti au usiposti, mimi nimekaa miaka kumi na mbili nahariri watu wanaoandika maisha yao mtandaoni na naona shida yako kubwa ni kwamba wasomaji wameshakufuata mpaka kwenye kurasa ambazo hakuna mtu mwingine atakayezifungua. Hapo ndo tuanzie.

Usidhani umeharibika. Miaka minne umekuwa ukiandika sentensi na ndani ya saa moja mtu anaijibu, huyu kacheka, yule kalia, mwingine kasema umeandika maisha yake. Mkono umezoea hivyo. Sasa ukikaa na daftari mkono unasubiri wale watu, hawaji, unahisi sentensi haijatosha, unaikata. Wala hakuna mwandishi asiye na msomaji kichwani, hata anayeandika akiwa kajifungia chumbani, tofauti ni yupi umemkaribisha.

Mfikirie Anne Frank, yule msichana wa Kiyahudi aliyejificha na familia yake wakati wa vita ya pili ya dunia na shajara yake ikaja kuwa kitabu. Alipewa daftari lake Juni 1942 siku alipotimiza miaka 13, akawa anaandika humo kama barua kwa rafiki wa kufikirika aliyemwita Kitty, yaani alikuwa na msomaji lakini msomaji huyo alikuwa wake peke yake. Machi 1944, wakiwa bado mafichoni Amsterdam, akasikia kwenye redio waziri wa Uholanzi aliyekuwa uhamishoni London akiwaomba watu watunze shajara na barua zao ili vita ikiisha zikusanywe. Miezi miwili baadaye akaanza kuandika upya kwenye karatasi za pembeni, akawapa watu majina mengine, akapunguza vingine, akapanga vizuri, manake sasa alikuwa anafikiria kitabu. Na kitu ambacho huwa nawaambia wanafunzi wangu wakiangalie vizuri ni kwamba shajara ya mwanzo hakuiacha, aliendelea nayo pembeni huku anaandaa ile ya watu. Msichana wa miaka 14 alishaelewa kuwa hizi ni kazi mbili, kila moja inataka karatasi zake. Wewe umejaribu kuzifanya zote kwa kalamu moja kwa wakati mmoja ndo maana imegoma.

Sasa kuna utafiti nataka uujue kwa sababu unagusa hali yako moja kwa moja. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya na wanafunzi wa chuo. Waliwaambia waandike dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, wengine kuhusu mambo ya kawaida tu na wengine kuhusu jambo lililowaumiza sana maishani. Wale walioandika tukio pamoja na hisia zao walionekana baadaye kwenda kituo cha afya cha chuo mara chache zaidi kuliko wenzao kwenye miezi iliyofuata. Tangu hapo majaribio ya namna hiyo yamefanyika mengi sana, na nisikudanganye, ukiyaweka pamoja faida yake kwa wastani ni ndogo na sio kila mtu anaipata. Ila kuna mambo mawili ndani ya lile la kwanza ambayo mimi nayashika. La kwanza, waliambiwa wasijali kabisa tahajia wala sarufi wala mpangilio, na walijua karatasi zao ni siri. La pili, wakishamaliza tu kuandika walikuwa na huzuni zaidi kuliko walivyoanza. Nafuu ilikuja mbele huko.

Hebu lifikirie hilo la pili kwa mtu mwenye blogu. Umeandika jambo linalokuuma, uko pabaya kuliko ulivyokuwa nusu saa iliyopita, na kitufe cha kuposti kiko hapo hapo chini ya kidole. Unakibonyeza kwa sababu unataka mtu aje akushike mkono. Wanakuja, wanakushika kweli, wengine kwa upendo kabisa, lakini kuanzia hapo hauko tena na lile jambo lako, uko na majibu yao, unajibu komenti, unaeleza vizuri zaidi, unamtuliza anayelia kuliko wewe. Ile kazi ya ndani inakatikia katikati. Nimeona hii mara nyingi sana kwa watu ninaowahariri, na nimeiona kwangu.

Mama yangu alipata kiharusi. Siku ya tatu tangu atoke hospitali nilimuogesha peke yangu kwa mara ya kwanza, usiku ule ule nikaandika na nikaposti. Niliandika kila kitu, uzito wa mkono wake, alivyoniangalia, alichojaribu kusema kikashindikana, kilichotokea pale bafuni ambacho sitakirudia hapa. Ilikuwa posti iliyosomwa kuliko zote nilizowahi kuandika. Asubuhi kaka yangu akanipigia akaniambia maneno machache tu, "Mama hajui kwamba watu wote hao wamemwona akiwa hana nguo." Nikaifuta saa hiyo hiyo. Miezi kama saba baadaye mama alikuwa amerudi kuongea vizuri, akaja mgeni, mtu mwema tu, akamshika mikono akamwambia pole sana mama kwa lile la bafuni, nilisoma nikalia. Mama akanigeukia. Hakusema neno, akaendelea kumkaribisha mgeni, lakini kuanzia siku ile alianza kufunga mlango wa bafuni kwa funguo hata pale alipokuwa bado anahitaji kushikwa.

Kwa hiyo mtu akikuambia posti ukijuta utafuta, usimsikilize. Yule mgeni alikuwa na skrinishoti kwenye simu. Internet Archive wanahifadhi kurasa za wavuti tangu 1996, na tangu 2001 mtu yeyote anaweza kuingia kwenye Wayback Machine yao akaona ukurasa ulivyokuwa kabla haujafutwa kama ulinaswa. Wanaokufuata kwa barua pepe, posti ikitoka imeshatua kwenye visanduku vyao, kule huwezi kuifuata. Ulaya wana sheria ya taarifa binafsi iliyoanza kutumika Mei 2018, inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zifutwe, ni kitu kizuri, ila hakuna sheria inayoingia kwenye kumbukumbu ya mtu aliyekaa sebuleni kwako.

Rafiki yako wa pili, huyo wa "bloga wa kweli hafichi kitu", nataka nimjibu kwa heshima kwa sababu mawazo yake yana historia. Kuna kijana wa Kimarekani anaitwa Justin Hall, alianza kuandika maisha yake kwenye wavuti Januari 1994 akiwa mwanafunzi wa chuo, hata neno blogu lilikuwa halijazaliwa, na wengi wanamhesabu kama mmoja wa wa kwanza kabisa. Aliandika kila kitu, familia, mapenzi, marafiki, mwili wake, mwaka baada ya mwaka. Mwanzoni mwa 2005 akaweka video akiwa analia, akasema kwa namna yake kwamba kuanika maisha kwenye intaneti kunawafanya watu wasimwamini, hawataki kuwa karibu naye, na ule uandishi wa kila siku ukasimama. Miaka 11. Mimi simhukumu, alikuwa anafungua njia ambayo hakuna aliyeijua inafika wapi, lakini yeyote anayesema usifiche kitu inabidi atuambie ameona nini ambacho Justin Hall hakukiona. Kusema kweli na kusema kila kitu ni mambo mawili. Unaweza kunyamazia asilimia tisini ya siku yako na hiyo kumi uliyoandika ikawa kweli tupu, na unaweza kuanika yote ukawa umedanganya tangu mstari wa kwanza kwa sababu ulikuwa unajipendekeza kwa wasomaji.

Sasa hao wasomaji wako. Kinachokubana kina jina kwa watafiti wa mitandao, wanakiita kwa kiingereza context collapse, danah boyd na Alice Marwick wamekiandika sana, ni ile hali ya watu wa sehemu tofauti za maisha yako kuangukia wote kwenye chumba kimoja. Kwenye maisha ya kawaida unaongea na bosi kwa sauti yake, na wifi kwa sauti yake, na mama kwa sauti yake, na hakuna unafiki hapo, ndivyo watu wanavyoishi. Blogu inawakalisha wote mstari wa mbele wanakuangalia. Ukiandika kitu ambacho hakitamkwaza hata mmoja wao unabaki na hali ya hewa. Na bosi sio wa kumpuuza. Heather Armstrong alianza blogu yake Dooce mwaka 2001, mwaka uliofuata akapoteza kazi kwa sababu ya alichoandika humo kuhusu ofisini kwake, mpaka jina la blogu yake likageuka neno la kiingereza la kufukuzwa kazi kwa ajili ya ulichoposti. Kwa hiyo huo woga unaousikia ukiandika sio ugonjwa, ni akili yako inafanya kazi. Isipokuwa kwenye daftari huyo bosi hana kazi ya kufanya, na huko ndiko unakotakiwa kumtoa.

Kumtoa ni kazi ya mikono zaidi kuliko ya mawazo. Usiandikie kwenye ile ile kompyuta unayoblogia wala ile ile programu, mkono ukigusa vitu vile unarudi kule kule. Andika kwa kalamu, weka dakika 15 kwenye simu halafu simu igeuze kifudifudi, na usinyanyue kalamu mpaka ilie. Ukikosa cha kuandika andika sina cha kuandika mpaka kije, huwa kinakuja. Ruhusu maandishi mabaya. Ruhusu kurudia neno lile lile mara tano. Mkono ukienda kukata neno, acha neno, andika lingine mbele yake. Na mchague wa kumwandikia, manake kichwa hakikai kitupu, ukimfukuza bosi na wifi bila kuweka mtu watarudi. Mimi kwa hali yako ningemwandikia baba. Yule baba wa kabla ya ugonjwa, mwambie anavyoendelea sasa kama vile alikuwa safarini anauliza habari za nyumbani, kwa lugha yenu ya nyumbani, na vijina vyenu na utani wenu. Hakuna msomaji wa mtandaoni atakayeielewa barua ya namna hiyo, na hicho ndo tunachokitaka. Usiisome tena kabla ya mwezi kuisha. Na kama unaogopa mtu nyumbani atalikuta, chana kurasa ukimaliza, kuandika kwenyewe kumeshatokea.

Kama daftari bado linagoma, rekodi sauti ukiwa peke yako, halafu futa. Wapo watu wanaandika vizuri kiasi kwamba kalamu yao haiwezi tena kusema vibaya, ila mdomo bado unaweza.

Blogu ya jina la kubuni nakukataza kwa sababu moja tu: inakupa hisia ya siri bila siri yenyewe. Mwanasaikolojia John Suler aliandika mwaka 2004 jinsi watu wanavyolegea wakiwa hawaonekani mtandaoni, wanasema ambayo ana kwa ana wasingesema, na ni kweli, ukiwa na jina la kubuni utaandika mengi kuliko unavyoandika sasa. Yaani utaweka mengi zaidi mahali pale pale pa hadhara. Uingereza kulikuwa na polisi mmoja akiandika kwa jina la NightJack, mwaka 2009 gazeti likataka kumtaja, akaenda mahakamani kuzuia, akashindwa, jaji wa Mahakama Kuu akasema kublogu kwa asili yake ni shughuli ya hadhara sio ya faragha. Siku zile wengi waliumia kusikia hivyo, na mimi nimemhurumia sana yule polisi, lakini kwa anayeandika habari za nyumbani kwake ni sentensi ya kuiweka karibu. Na huhitaji mahakama ili ujulikane. J.K. Rowling, mwandishi wa vitabu vya Harry Potter, alipotoa riwaya kwa jina la Robert Galbraith, siri ilivuja 2013 kupitia mdomo, mwanasheria alimwambia mtu anayemwamini na yule akamwambia mwingine, halafu wataalamu wakapitisha maandishi kwenye kompyuta na mtindo wake nao ukaelekeza kwake. Wewe wasomaji wako wamekusoma miaka minne. Mama yako atakujua kwa sentensi tatu, na hiyo siku atajua pia kwamba ulimficha.

Kama unataka kitu cha katikati, kipo na ni cha zamani, LiveJournal, mtandao wa watu kuandika shajara na blogu zao, ilipoanza 1999 haikuchukua muda watu wakawa wanaweza kuchagua posti hii waione marafiki tu na ile waione wote. Siku hizi mifumo mingi ya blogu inakuruhusu kufunga posti kwa nywila. Itumie kwa mambo ya kati, ya kuwaambia watu watano. Ya baba weka kwenye karatasi.

Itafika siku utataka kuandika kuhusu baba hadharani, na sio vibaya, watu wenye wazazi wanaosahau wanahitaji kusomana. Siku hiyo ikifika utatenganisha lake na lako. Nikuonyeshe kwenye daftari langu la wakati ule, baada ya kaka kunipigia nilianza kuandika kwa siri, ukurasa mmoja unasema hivi: "Leo vifungo vya gauni vimenishinda. Kaniita jina la dada yake, nikamsahihisha, kaniita tena, nikavuta kifungo kwa hasira mpaka uzi ukakatika, akasema pole. Yeye ndo kasema pole. Nimemchukia kwa dakika moja nzima na alikuwa ananiangalia." Mwaka na nusu baadaye, kwa ruhusa yake, nikaandika hadharani kuhusu hasira ya mtu anayeuguza. Kilichobaki kutoka ukurasa ule ni kifungo, uzi, na ile dakika moja. Jina la dada yake halikuingia, gauni halikuingia, namna alivyokaa haikuingia. Hasira ilikuwa yangu, naweza kuitoa kwa nimtakaye. Kuchanganyikiwa kwake kulikuwa kwake.

Lakini mimi nilikuwa na bahati, mama alirudi na nikamuuliza. Baba yako ugonjwa wake huenda usimruhusu kukujibu kwa akili zake zote, na mtu asiyeweza kukataa inabidi uwe mkali zaidi kwa niaba yake. Mimi humkalisha mtu mezani kwa mawazo, akiwa mzima, akiwa na hadhi yake yote, halafu namsomea mstari kwa mstari. Ukifika mahali unapotaka kushusha sauti, ule mstari utoe. Waulize na ndugu zako pia kabla, sio baada, kaka yangu alistahili kuulizwa.

Lini? Siwezi kukupa miezi. Kwangu alama ni kwamba naweza kukisoma kipande kwa sauti na sisubiri mtu anijibu. Siku ukiposti na ukaona uko radhi asitokee mtu hata mmoja kwenye komenti, basi limeshaiva.

Kwa sasa endelea na blogu kwa mambo mengine kama unaweza, vitabu, kazi za mikono, chochote kinachokupa raha, na kama huwezi iache ilale. Wanaouliza mbona kimya waandikie mstari mmoja tu, "Nyumbani kuna jambo linanihitaji, nitarudi," halafu sehemu ya komenti ya posti hiyo ifunge kabla hujabonyeza.